Taka za Angani: Nani Abebe Gharama?

Maana
Taka za angani ni setilaiti zilizokufa, mabaki ya roketi na vipande vya migongano vinavyoendelea kuizunguka dunia. Katika mzingo wa chini hukimbia zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, hivyo hata kipande kidogo huweza kuharibu setilaiti nzima.

Chanzo cha tatizo
Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unakataza nchi yoyote kujimilikisha anga hizo. Ni kama malisho ya kijiji: faida ya ng'ombe anayeongezwa ni ya mfugaji, lakini nyasi zikiisha, hasara ni ya wote. Kampuni hulipia setilaiti, roketi na bima. Hizo ni *gharama binafsi*. Hatari inayowaongezea wengine hailipii. Ukijumlisha zote mbili unapata *gharama ya kijamii*. Mchuma janga hula na wa kwao.

Mfano
Tarehe 10 Februari 2009, juu ya Siberia, setilaiti mfu ya Urusi, Kosmos 2251, iligongana na Iridium 33 ya Marekani iliyokuwa kazini. Vilipatikana vipande zaidi ya 2,000 vikubwa vya kutosha kufuatiliwa kutoka ardhini, vikawa tishio hata kwa wasiohusika. Kwa Mkataba wa Dhima wa 1972, madhara yakitokea ardhini, nchi iliyorusha chombo hulipa hata bila kosa. Yakitokea angani, lazima kosa lithibitishwe.

Njia za udhibiti
1. *Kanuni.* Mwaka 2022 Marekani iliamua setilaiti za mzingo wa chini ziondolewe ndani ya miaka 5 baada ya kumaliza kazi. Udhaifu: taka za zamani hubaki.
2. *Ada.* Mwenye setilaiti hulipa kwa kila mwaka inaobaki angani. Udhaifu: nchi moja ikitoza peke yake, kampuni huhamia kwingine.
3. *Usafishaji.* Hupunguza taka zilizopo. Udhaifu: ni ghali, na wasiochangia hunufaika pia, hivyo kila mmoja humsubiri mwenzake.

Swali
"Taka za angani ni tatizo la kiuchumi kuliko la kiufundi." Jadili. (Alama 15)

Mwongozo
Usijaze kurasa kwa maelezo ya roketi. Hapo ndipo alama hupotea. Toa maana, kisha kila hoja ioneshe nani ananufaika na nani analipa. Taja udhaifu wa kila njia, kisha hitimisha kwa msimamo wako.