Kijana Wetu Ameitwa Kuhojiwa Kazi ya Kuuza Magari

Safari hii tuzungumze juu ya jambo alilotuletea mama mmoja baada ya mkutano wa chama. Binti yake amemaliza kozi ya biashara, ameandika barua nyingi za kuomba kazi, na sasa duka moja la magari Nairobi limemwita kwa mahojiano. Mama akatuuliza, "Nauli tumeshachanga. Sasa tumwambie nini?"

Tulicheka kidogo, lakini swali ni zito. Nauli ya kwenda na kurudi, nakala za vyeti, chakula cha njiani: mbuzi mzima ameenda. Ikiwa mwethya unaweza kumlimia mwenzetu shamba, unaweza pia kumtayarisha mtoto wake.

Kwanza ajue anakwenda wapi, maana maduka ya magari si ya aina moja. Kuna makampuni yanayouza magari mapya, na kuna yadi za magari yaliyotumika, mengi yakitoka Japani kupitia bandari ya Mombasa. Anayeitwa na kampuni ya magari mapya aulizie habari zake mapema. Kwa mfano, Isuzu East Africa iliitwa General Motors East Africa hadi mwaka 2017, na ina kiwanda cha kuunganisha magari huko Nairobi. Anayeitwa na yadi ajue kwamba kwa kawaida gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa Kenya likiwa limepita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na usukani lazima uwe upande wa kulia. Wateja huuliza mambo hayo siku ya kwanza, na anayehoji anajua.

Lakini shida kubwa ya vijana wetu haiko hapo. Wakiketi mbele ya mkubwa wa ofisi wanaonea haya kwao. Wakiulizwa, "Umewahi kufanya kazi gani?" wanajibu, "Sijafanya." Si kweli! Huyu binti amekuwa mweka hazina wa kikundi cha vijana miaka miwili. Ameuza ndengu za mama yake kwa madalali sokoni, na hakuna shilingi iliyopotea. Duka la magari linatafuta mtu wa kuaminiwa na pesa, anayejua kuongea na mgeni bila kumdharau. Basi aseme hayo, tena kwa hesabu: magunia mangapi, bei gani, na alimjibu vipi yule dalali aliyetaka kumpunja.

Sisi wenyewe tulikosea wakati mmoja. Tulimtayarisha kijana wa upande wa Makueni, tukamwambia asikubali kamwe kwamba kuna kitu hajui. Alipoulizwa kama anajua kuendesha gari akasema ndiyo, akapewa funguo. Kumbe alichowahi kuendesha ni pikipiki ya mjomba wake tu. Aligonga ukuta pale pale uani. Kazi ikaishia hapo, na aibu ilikuwa yetu kuliko yake. Tangu siku hiyo tunafundisha jibu lingine: "Hilo sijalijua bado, lakini ningemwuliza fundi kabla ya kumjibu mteja."

Hebu fanyeni zoezi hili chini ya mwembe. Mzee mmoja awe mteja anayetaka pikapu ya kubeba ndengu, na binti amwuzie. Wengi huanza kusifu rangi, redio na matairi. Muuzaji mzuri huanza kwa kuuliza. Mzigo ni kiasi gani? Njia ni ya lami, au ni kuvuka mchanga wa mto? Nani ataendesha? Mzee akisema magunia 10 ya kilo 90, hizo ni kilo 900. Pikapu ya tani moja iko karibu kujaa, na watu walio ndani nao wana uzito. Akitaka kupakia na kina mama watano juu ya magunia, binti aweze kumwambia hapana, kwa heshima. Mtoto wa Kitui anayejua mchanga wa mto unavyomeza gurudumu ana jambo la kusema ambalo mtoto wa mjini hana.

Kuhusu karatasi: abebe kitambulisho, vyeti halisi na nakala zake, na leseni ya udereva kama anayo. Cheti cha tabia njema na vyeti vingine vya namna hiyo visiwatie hofu mapema. Tangu sheria ya ajira ilipobadilishwa mwaka 2022, mwajiri anaweza kuviitisha tu ikiwa anakusudia kumwandika mtu kwa mkataba. Alale Nairobi usiku wa kuamkia mahojiano, kwa sababu matatu za alfajiri zimeangusha wengi. Na abebe kitambaa cha kufutia viatu. Vumbi letu jekundu haliachi mtu.

Mtu akipiga simu kuitisha pesa ya kufungua faili, ya daktari au ya sare, msitume hata kidogo. Mwajiri wa kweli hauzi kazi.

Mwishoni ataambiwa aulize swali. Asinyamaze. Wauzaji wa magari mara nyingi hupewa mshahara mdogo pamoja na kamisheni. Je, kamisheni inahesabiwa gari likiagizwa, au likishalipiwa lote? Mwezi ukipita bila kuuza hata gari moja, anapata nini? Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uwe wa maandishi. Muda wa majaribio usizidi miezi 6, na hata akikubali kuongezewa usipite miezi 12 kwa jumla.

Jumamosi tutafanya zoezi nyumbani kwa yule mama. Mzee mbishi kuliko wote kikundini ameshakubali kuwa mteja.

Ya kujadiliana kikundini: Ni kazi gani vijana wetu wanafanya hapa nyumbani, ambazo hawazihesabu kuwa kazi? Na nani kati yetu amewahi kuhojiwa, atuambie aliulizwa nini?