Nani Alimmaliza Dodo?

Ndege wengi waliotoweka duniani tangu mwaka 1500 walikuwa wa visiwani. Mtaalamu wetu wa ndege anajibu maswali ya wasomaji.

Ni kweli dodo wa Morisi waliliwa na mabaharia hadi wakaisha?

Waliliwa, lakini si hicho hasa kilichowamaliza. Waholanzi walitia nanga mwaka 1598 na kuanza kuishi huko 1638. Walikuwa watu wachache, na kisiwa kilikuwa na misitu minene. Balaa lilikuwa wanyama walioshuka nao melini: panya, nguruwe, tumbili. Dodo alitaga chini, na inaaminika alitaga yai moja tu kwa msimu. Nguruwe hupita akifukua kwa pua; akikuta yai, halibaki. Kwa hiyo ndege wazima huendelea kuonekana miaka na miaka ilhali hakuna kinda linalokua. Ukiwahesabu utadhani mambo shwari! Wengi hukubali kwamba dodo alionekana mara ya mwisho mwaka 1662.

Mbona hawakuruka?

Wamkimbie nani? Kabla ya binadamu, mamalia pekee wa nchi kavu kisiwani walikuwa popo. Kuruka kunakula nguvu nyingi, na ndege asiyewindwa vizazi kwa vizazi hupoteza uwezo wa kuruka, na woga pia.

Lawama ni za Wazungu peke yao?

Hata kidogo. Mababu wa Wamaori walifika Nyuzilandi karibu mwaka 1300. Moa, ndege wasioruka, wengine wakizidi kilo 200, waliisha katika muda wa takriban karne moja na nusu. Hapo uwindaji ndio uliotangulia. Tai mkubwa aliyewategemea kwa chakula naye akaisha.

Na huku kwetu?

Kunguru wa Zanzibar, yule asiyefugika, aliletwa kutoka India miaka ya 1890 ale takataka za mji. Anazila mpaka leo, pamoja na mayai na makinda ya ndege wenyeji.

Ndege aliyebaki kidogo anaweza kuokolewa?

Ndiyo, kwa kazi ngumu. Mwaka 1974 walijulikana kozi wa Morisi wanne tu porini. Miti ilikuwa imekatwa, panya na nguchiro wamejaa, na DDT iliyopulizwa kuua mbu wa malaria ikadhoofisha mayai. Wataalamu walichukua mayai ya kwanza ili jike atage tena, wakayaangua kwa mashine na kulisha makinda kwa mkono. Baadaye kozi wakafika mamia.