Utumbo, Ini na Moyo: Kijitabu cha Afya kwa Kaya

Njia ya damu

Ukila ugali na dagaa mchana huu, chakula kitasagwa, kitanyonywa kwenye utumbo mwembamba, kisha damu itakibeba. Damu hiyo haiendi moja kwa moja kwenye moyo. Hupita kwanza kwenye ini, na takriban robo tatu ya damu yote inayoingia kwenye ini hutoka huko tumboni. Ini huhifadhi sukari, hupunguza makali ya sumu, ndipo huiachia damu iende kwenye moyo, nao huisukuma mwili mzima.

Ndiyo maana ugonjwa wa kiungo kimoja mara nyingi hujionyesha kwenye kingine. Mnyoo wa utumboni huweza kulijeruhi ini, na moyo uliochoka huweza kulivimbisha. Kijitabu hiki kinaifuata njia hiyo ya damu ili kuonyesha kinachoharibika ndani kabla hujaumwa, na wakati ambao uharibifu bado unazuilika.

1. Utumbo

*Homa ya matumbo.* Bakteria wake huingia kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi, kisha hukaa kwenye tezi ndogo za kinga mwishoni mwa utumbo mwembamba. Homa hupanda polepole siku hadi siku. Tezi huvimba na kuacha vidonda. Asipotibiwa mgonjwa, kufikia wiki ya 3 kidonda huweza kutoboka na uchafu wa utumbo ukamwagika ndani ya tumbo. Tumbo likishakuwa gumu na mgonjwa hataki kuguswa, anahitaji upasuaji siku hiyohiyo.

Si kila homa ni homa ya matumbo. Kipimo cha Widal, kinachofanywa katika maabara nyingi za mitaani, mara nyingi huonyesha ugonjwa usiokuwepo. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara. Kumeza dawa za kuua bakteria kila ukichoka huwafanya bakteria wazizoee.

*Utumbo kuziba.* Utumbo huweza kujisokota, kubanwa ndani ya ngiri au, kwa watoto wachanga, sehemu moja kujiingiza ndani ya nyingine. Popote ulipobanwa, damu haifiki, na nyama ya utumbo huanza kufa baada ya saa chache. Mtoto hulia kwa vipindi akikunja miguu, hutapika, na baadaye hutoa kamasi yenye damu. Mtu mzima huvimba tumbo, hutapika, hapati choo wala hewa haimtoki. Usimkande tumbo wala kumpa dawa ya kuharisha. Mpeleke hospitali.

*Damu kwenye choo.* Wengi huiita bawasiri na kununua dawa ya kupaka. Mara nyingi ni bawasiri kweli. Lakini saratani ya utumbo mpana nayo huanza kwa kuvuja damu. Huanzia kwenye kinyama kidogo kisichouma, ambacho kwa kawaida huchukua miaka 10 hivi kugeuka saratani. Kikionekana mapema, daktari hukikata kwa kifaa chenye kamera, na saratani haifiki. Damu inayorudi, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, au kukonda bila sababu ni mambo ya kupimwa.

2. Ini

*Kichocho cha tumbo.* Huu ni ugonjwa unaojulikana sana Kanda ya Ziwa. Vijidudu vinavyotoka kwa konokono wa majini hupenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayevua. Hukua vikawa minyoo inayoishi kwenye mishipa ya utumbo na kutaga mayai. Baadhi ya mayai hutoka na choo. Mengine huchukuliwa na damu hadi kwenye ini na kukwama. Mwili huyazungushia kovu. Miaka ikipita, makovu huibana mishipa, na damu inayotoka utumboni hukosa pa kupita. Bandama huvimba, mishipa ya koo la chakula hutuna, na siku moja hupasuka: mtu hutapika damu.

Mgonjwa huyu huenda asiwe na macho ya manjano, kwa kuwa seli za ini lake bado zinafanya kazi. Wengine husema amerogwa. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo, lakini kovu la zamani haliondoki kirahisi. Ndiyo sababu watoto humezeshwa shuleni wakiwa bado wazima. Mwanao asikose zamu hiyo.

*Homa ya ini B.* Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na virusi vya ugonjwa huu. Huambukizwa wakati wa kuzaliwa, kwa damu, ngono, au kuchangia wembe na sindano. Havienezwi kwa kula sahani moja wala kushikana mikono. Umri wa kuambukizwa una uzito mkubwa: kati ya watoto wachanga 10 wanaoambukizwa, takriban 9 hubaki navyo maisha, ilhali kwa watu wazima hubaki navyo chini ya 1 kati ya 20. Kinga ya mwili hupigana na virusi ndani ya ini, seli hufa, kovu huchukua nafasi yake. Ini hugeuka gumu lenye vinundu, na hapo saratani huweza kuanza.

*Sumukuvu.* Ni sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua kwa sumu hii, na 125 walifariki. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara nazo zilikumbwa. Ikiliwa kidogokidogo kwa miaka huchochea saratani ya ini, hasa kwa mwenye homa ya ini B. Kupika hakuiondoi. Anika juu ya turubai, hifadhi pakavu, na usile punje zilizooza wala kuzisaga.

*Pombe, unene na kisukari* hulijaza ini mafuta, na mafuta hufuatwa na kovu. *Parasetamo* ni salama kwa kipimo chake, lakini ikizidi hulijeruhi ini: mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku.

3. Moyo

*Presha.* Ikibaki 140/90 au zaidi, moyo husukuma dhidi ya mzigo. Misuli ya upande wa kushoto hunenepa, kisha huchoka na kutanuka. Ndio moyo mpana. Damu hurundikana nyuma: mapafu hujaa maji, mgonjwa hulala kwa mito mitatu, miguu huvimba, na ini huvimba na kuuma chini ya mbavu za kulia. Presha haina dalili mpaka mambo yameharibika, na dawa zake hazikatishwi kwa sababu unajisikia vizuri.

*Koo la mtoto na vali.* Vali ni kama mlango wa upande mmoja: damu ikipita, isirudi. Wiki 2 hadi 4 baada ya mtoto kuugua koo kwa bakteria, kinga ya mwili huweza kukosea ikashambulia viungo na vali za moyo. Wanaopatwa zaidi wana miaka 5 hadi 15. Magoti na vifundo huvimba kwa kupokezana, kisha hupona. Vali hubaki na kovu. Mtoto huyu huhitaji sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4 kwa miaka mingi. Inauma, lakini inamwepusha na upasuaji.

*Mama aliyejifungua.* Mwezi wa mwisho wa ujauzito hadi miezi 5 baada ya kujifungua, moyo huweza kulegea ghafla. Mama anayehema akilala na kuvimba miguu asiambiwe ni uchovu wa uzazi.

Nenda hospitali leo

- Kutapika damu, au choo cheusi kinachonata
- Macho ya manjano pamoja na kuchanganyikiwa
- Tumbo gumu lenye maumivu makali
- Maumivu ya kifua yanayoenda mkononi au tayani, pamoja na jasho. Mwenye kisukari huweza kuhema tu bila maumivu
- Kushindwa kupumua ukiwa umelala

Kazi za kaya mwaka huu

- Kila mtu mzima apime presha. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku.
- Kila mtu apime homa ya ini B mara moja. Asiye nayo achanje. Aliye nayo aanze kliniki hata kama haumwi.
- Mtoto amalize chanjo za wiki 6, 10 na 14, ambazo zina kinga ya homa ya ini B.
- Choo kitumike na kila mtu, wadogo kwa wakubwa, na mikono inawiwe kwa sabuni.
- Koo la mtoto likiuma pamoja na homa, apelekwe zahanati badala ya kununuliwa vidonge viwili dukani.
- Majibu ya vipimo yaandikwe kwenye daftari moja la familia, na daftari hilo liende na mgonjwa kila anapotibiwa.