Malumbano ya Ushairi kwa Wanachuo Walio Mbalimbali

Vyuo vya Tanzania vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, wanachuo wetu wa ushairi walirejea makwao. Darasani walizoea kukaa duara, mmoja akighani na wenziwe wakimkosoa. Duara hilo lilivunjika kwa siku moja. Yafaa tueleze njia tuliyoitumia hadi vyuo vilipofunguliwa tarehe 1 Juni, tukianza na kosa letu.

Kosa letu

Tulimtaka kila mwanachuo atunge shairi la beti sita kila juma na kulituma kwetu tulisahihishe. Juma la kwanza tulipokea mengi. Juma la tatu mawili tu. Tulidhani ni uvivu. Tulipompigia simu mmoja wa watunzi wetu hodari, alijibu, "Mwalimu, kutunga naweza, ila sina wa kumtungia." Hapo tukatambua kwamba tulikuwa tumewageuza watunzi kuwa watahiniwa.

Ni kweli kwamba upweke peke yake hauui sanaa. Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni kati ya 1969 na 1972. Lakini anayejifunza hajapata bado nguvu hizo. Yeye huhitaji mtu wa kumjibu. Jadi yetu inayo dawa yake, nayo ni malumbano. Katika karne ya 19 Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu walijibizana ingawa bahari na uhasama viliwatenga.

Hatua za kufuata

1. Mwalimu awagawe wanachuo wawili wawili. Mmoja aanze kwa ubeti wenye swali au fumbo.

2. Mwenziwe ajibu katika siku 3, akifuata vina vya ubeti aliopokea na mizani 16 kwa kila mshororo.

3. Baada ya majibizano manne, kila mmoja apewe mwenza mwingine, ili kikundi kizima kifahamiane.

4. Mwalimu apokee nakala tu. Asisahihishe lolote mpaka malumbano yaishe.

Baadhi ya wanachuo hawakuwa na simu za intaneti. Kwa hiyo tuliamua kwamba wote watumie ujumbe mfupi wa kawaida, wenye nafasi ya herufi 160. Ubeti mmoja hutosha katika ujumbe mmoja au miwili. Asiye na simu aliazima ya mzazi jioni.

Matokeo

Mashairi yalianza kuja tena. Yule aliyekosa wa kumtungia alifiwa na bibi yake mwezi Mei. Mwenza wake, aliyekuwa mkoa mwingine, alimtumia beti mbili za rambirambi. Katika ubeti wa pili vina vya kati vilikuwa vimeharibika. Tulishawishika kuvirekebisha, lakini tukanyamaza. Siku ya tatu mfiwa alijibu kwa beti tano, naye hakuacha tena kutunga.

Njia hii ina upungufu: sauti ya mghani haisikiki katika maandishi. Kwa hiyo tuliporudi chuoni, kipindi cha kwanza kilikuwa cha kughani malumbano yote, na hapo ndipo tulipokosoa vina.

Swali la kujadili

Katika somo lako, je, mwanachuo humwandikia nani: mwenziwe, au kalamu nyekundu ya mwalimu?