Kitenzi kimoja, njia 210: kupima kazi ya prosesa katika Prolog

Prolog ilizaliwa Marseille, Ufaransa, mwaka 1972, mikononi mwa Alain Colmerauer na Philippe Roussel, waliotaka mashine ielewe sentensi za Kifaransa. Kwa hiyo sisi wa lugha hatuazimi chombo cha watu wengine. Hata hivyo, anayeandika kichanganuzi chake cha kwanza cha vitenzi vya Kiswahili hushangaa: orodha ya maneno ni fupi, lakini feni ya kompyuta inavuma. Hapa Goma, ambako umeme hukatika na betri ndiyo tegemeo, hilo si jambo dogo.

Tuchukue tunawasomea. Programu ambayo wengi huianza hukata neno vipande vitano, ndipo iulize kamusi kama vipande hivyo vipo. Neno lina herufi 11; kila kipande kikipewa walau herufi moja, kuna njia 210 za kulikata. Iliyo sahihi ni moja tu: tu-na-wa-som-ea. Kwa hatutawasomeshea, yenye herufi 16, njia zinafika 1,365. Prolog ikishindwa hurudi nyuma na kujaribu mkato mwingine, na prosesa ndiyo inayolipa.

Tatizo liko wapi? Tusikisie. Katika SWI-Prolog, swali likiwekwa ndani ya time( ) tunapata idadi ya inferensi, yaani hatua za hoja, pamoja na sekunde za prosesa. Mimi hutazama inferensi kwanza, kwa kuwa sekunde hutofautiana baina ya kompyuta na kompyuta. Kisha profile( ) huonyesha kila kanuni imeitwa na kurudiwa mara ngapi. Kanuni ya kukata neno ikionekana mamia ya mara kwa kitenzi kimoja, mla prosesa amepatikana.

Dawa yake ni mpangilio:

kitenzi --> nafsi, wakati, mtendwa, mzizi, kiishio.

Neno likianza na t, kati ya ni, u, a, tu, m na wa inabaki tu peke yake. Wakati nao una orodha fupi, vilevile mtendwa (ambaye huweza kukosekana). Kamusi kubwa ya mizizi inaguswa pale tu inapobaki somea.

Wengine huongeza alama ya mshangao, ile inayoizuia Prolog isirudi nyuma. Hapo mimi nasita. Unakauka ni wewe, lakini pia ni ukuta unaokauka. Alama hiyo ikiwekwa baada ya nafsi ya pili, ukuta unapotea: inferensi zimepungua, na sarufi nayo imepungua. (Anayechanganua usemi wa mitaani kwetu aongeze na ba kando ya wa, maana banakuja tunaisikia kila siku. Mistari miwili ya ziada haichoshi prosesa.) Kabla ya kuikubali alama hiyo, nahesabu kwa findall neno linatoa maana ngapi, bila alama na pamoja nayo. Idadi ikishuka, naifuta.