Kufundisha Stadi za Hatari: Mfano wa Matembezi ya Theluji

Utangulizi

Katika masomo mengi kosa la mwanafunzi ni mwalimu wa pili. Akikosea hesabu, huifuta akaanza upya. Lakini zipo stadi ambazo kosa la kwanza laweza kuwa la mwisho: kuogelea ni mojawapo, na kushika asidi katika maabara ni nyingine. Katika makala haya tunachunguza mfano ulio mbali na madarasa yetu, ila unaolionyesha tatizo hili waziwazi, yaani jinsi mpanda mlima mzoefu anavyomfundisha mwenzake kutembea juu ya theluji katika milima ya Cairngorms, huko Uskoti. Swali letu ni hili: mwalimu atajuaje kwamba mwanagenzi yu tayari?

Mazingira ya somo

Mlima Cairn Gorm una kimo cha meta 1,245. Kimo hicho si kikubwa, lakini majira ya baridi ya huko ni makali. Mwishoni mwa Desemba mwanga wa jua haufiki saa 7 kwa siku. Juu kuna uwanda mpana ulio wazi kwa upepo. Ukungu ukishuka juu ya theluji, mbingu na ardhi huwa rangi moja, na mtu aweza kufika ukingoni mwa genge asiuone. Theluji nayo hubadilika: mahali pamoja ni ngumu kama sakafu, na pengine upepo umeilundika ikawa tayari kuporomoka. Maporomoko mengi huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45.

Hatua za kufundisha

1. Kuchagua mahali. Mwalimu hutafuta mteremko mfupi unaoishia kwenye uwanda wa theluji usio na mawe wala genge, ili atakayeshindwa kujizuia asimame mwenyewe bila kuumia. Mahali hapo ndipo kosa linaporuhusiwa, na pasipopatikana mahali kama hapo zoezi halifanywi.

2. Kutumia miguu. Katika kupanda, mwanagenzi hupiga theluji kwa ncha ya kiatu mpaka apate kidato. Katika kushuka, hukita kisigino huku mwili umesimama wima. Shoka la barafu hulishika kwa mkono ulio upande wa juu wa mteremko. Zoezi hili hurudiwa mpaka aache kutazama miguu yake.

3. Kujizuia baada ya kuteleza. Mkono mmoja hushika kichwa cha shoka karibu na bega. Wa pili hushika mwisho wa mpini karibu na nyonga na kuifunika ncha yake. Aliyeteleza hugeuka kifudifudi, hulalia mpini kwa kifua, na kuuzamisha mdomo wa shoka kwa nguvu inayoongezeka taratibu, maana ukikwama ghafula shoka laweza kumponyoka. Kwanza huteleza miguu ikitangulia, kisha akiwa chali, na mwishowe kichwa kikitangulia. Vyuma vya meno vinavyofungwa chini ya viatu havivaliwi katika zoezi hili, kwani vikinasa vyaweza kumvunja mguu.

4. Kubadilishana nafasi. Sasa mwanagenzi hutangulia, husoma ramani na dira, na kuchagua njia. Mwalimu hufuata nyuma akinyamaza, ila akiona hatari.

Neno "nimeelewa"

Baada ya kuonyeshwa mara moja, aghalabu mwanagenzi husema, "Nimeelewa." Hasemi uongo, kwa kuwa maelezo ameyaelewa kweli. Lakini juu ya theluji ngumu mwendo wa anayeteleza huongezeka upesi mno, na hakuna nafasi ya kukumbuka maneno. Mikono yenyewe haina budi kujua. Kwa hiyo kipimo ni kutenda: ajizuie mara kadhaa mfululizo, kwa upande wa kulia na wa kushoto. Asipoweza, matembezi ya siku hiyo huishia kwenye mteremko wa chini.

Uamuzi huo ni mgumu. Hawa ni marafiki. Wametoka mbali, kilele chaonekana, na anayekatazwa aweza kuona amedharauliwa. Dawa yake ni kupatana asubuhi, kabla ya kuondoka, juu ya kipimo na juu ya saa ya kurudi. Hapo linalokataza ni patano lao wote wawili.

Uzito wa jambo hili unajulikana huko. Novemba 1971 kundi la wanafunzi kutoka Edinburgh lilikumbwa na dhoruba ya theluji juu ya uwanda wa milima hiyo. Wanafunzi watano na msaidizi wa kiongozi wao walikufa kwa baridi. Msiba huo ulizusha mjadala mkubwa juu ya sifa za watu wanaoongoza vijana milimani.

Matumizi darasani

Mwalimu wa kemia hueleza kwamba asidi kali humiminwa polepole ndani ya maji, wala si maji ndani ya asidi. Kisha huuliza, "Mmeelewa?" Darasa zima huitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Itikio hilo halithibitishi kitu. Twashauri kila mwanafunzi aanze kwa vyombo vilevile vyenye maji matupu, atende mbele ya mwalimu, na arudie bila kuelekezwa. Anayeweza ndiye apewe asidi. Muda utatumika, hatukatai. Lakini huo ndio muda wa somo lenyewe.

Maswali ya kujadili

1. Taja stadi moja katika somo lako ambayo kosa lake halirekebishiki. Mahali pa kuikosea kwa usalama ni wapi?
2. Utatumia kipimo gani badala ya kuuliza "Mmeelewa?"
3. Mwanafunzi hodari wa maelezo ameshindwa kutenda. Utamzuiaje bila kumvunja moyo?