Mafuriko yakija, nani atamtoa asiyeweza kukimbia?

 

Ndugu msomaji, wiki hii safu yetu ya afya inazungumzia jambo ambalo familia nyingi hulikumbuka maji yakishaingia ndani: kumwandaa na kumwokoa mwenzetu mwenye ulemavu wakati wa maafa.

Maafa hayako mbali nasi. Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam, ambayo yalilikumba sana bonde la Msimbazi, yaliua watu zaidi ya 40. Desemba 3, 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliuangukia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Aprili 25, 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kuwa mvua za msimu ule zilikwisha kuua watu 155 nchini.

Mwenye miguu mizima, macho na masikio hupata dakika chache za kukimbia. Je, mama aliyepooza? Je, mtoto kiziwi aliyelala usingizi? Je, babu asiyeona?

Funzo la Itban bin Malik

Katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim imepokewa habari ya Swahaba Itban bin Malik (r.a.), aliyekuwa akiwaswalisha watu wake. Macho yake yalipodhoofika, alimweleza Mtume (s.a.w.) kuwa mvua ikinyesha, bonde lililo kati yake na watu wake hujaa maji, naye hushindwa kufika msikitini kwao. Akamwomba aje aswali nyumbani kwake, ili mahali hapo apafanye pa kuswalia. Mtume (s.a.w.) alikwenda mwenyewe, akiwa na Abubakar (r.a.).

Hapa pana mambo mawili. Kwanza, Itban alieleza shida yake waziwazi, nayo ikajulikana. Pili, yeye asiyeweza kuja, alifuatwa.

Naye Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.), muadhini asiyeona, hakuwa akiadhini Alfajiri mpaka aambiwe kuwa kumekucha. Alikuwa na mtu wa kumfikishia habari. Tangazo la redio halimfikii kiziwi, na bendera nyekundu haimfikii asiyeona, mpaka awepo mtu aliyepewa kazi hiyo.

Wala kujiandaa si kupungukiwa na tawakkul. Nabii Nuh (a.s.) aliijenga safina kabla maji hayajaja.

Tusiwafiche

Zipo nyumba ambazo mtoto mwenye ulemavu hukaa chumba cha ndani kwa sababu ya haya, na jirani hajui kuwa yupo. Usiku wa mafuriko mtoto huyo ndiye aliye katika hatari kubwa kuliko wote, kwa sababu waokoaji hawamtafuti mtu wasiyejua kuwa yupo. Mwenyezi Mungu ametupa amana, wala amana haifichwi mpaka ikapotea.

Kila msikiti unaweza kuwa na daftari la watu wa mtaa wanaohitaji msaada wa kutoka: wanaishi wapi, wanalala chumba gani, wanahitaji nini. Imamu na mjumbe wa mtaa walitunze kwa siri. Lisibandikwe ukutani, kwani wapo wanaoweza kulitumia kwa ubaya, hasa dhidi ya ndugu zetu wenye ualbino na wanawake wanaoishi peke yao.

Kisha kila mmoja awe na watu wawili: mmoja wa nyumbani na mmoja jirani. Wawili, kwa sababu maji yanaweza kuja mmoja akiwa safarini. Naye mwenyewe aulizwe, kwani yeye ndiye anayejua vizuri namna ya kubebwa na kuongozwa.

Namna ya kumsaidia

Asiyeona: usimvute mkono. Mpe kiwiko chako akishike, umtangulie kwa nusu hatua, ukimweleza kilicho mbele. Msivuke maji yanayokwenda kasi. Hata yakiwa chini ya goti yanaweza kumwangusha mtu mzima.

Kiziwi: kubalianeni mapema ishara ya hatari, kama kumgusa bega mara tatu na kumulika tochi. Tuma ujumbe wa maandishi badala ya kupiga simu.

Asiyeweza kutembea: kiti cha magurudumu hunasa kwenye matope. Watu wawili washikane mikono kumfanyia kiti, au wambebe kwenye blanketi imara. Fanyeni mazoezi kabla ya masika. Aliyepooza huenda asisikie maumivu. Mkague mwili mzima baada ya kumtoa, kisha mgeuze kila baada ya saa 2 akiwa amelala, asipate vidonda vya mgandamizo.

Mwenye kifafa: dawa zisikatike. Akishikwa kwa zaidi ya dakika 5, ni dharura, apelekwe kituo cha afya.

Mwenye ulemavu wa akili: kelele na watu wengi humtisha. Awe na mtu anayemjua, kitu anachokipenda, na kadi shingoni yenye jina lake na simu ya nyumbani.

Mwenye ualbino: abebe kofia pana, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua. Kambini apewe kivuli kwanza.

Mfuko wa dharura

Uwe mahali pa juu karibu na mlango: dawa za wiki moja na nakala ya cheti cha daktari ndani ya mfuko wa nailoni, tochi, filimbi, maji ya kunywa, sabuni, chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji mwilini, nepi au vitambaa kwa asiyezuia haja, na mipira ya akiba ya magongo. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Usafi kambini

Kipindupindu hufuata mafuriko. Anayetambaa hushika sakafu ya choo kwa mikono yake. Apewe ndala za mikononi, sabuni na maji kila atokapo. Kiti cha mbao kilichokatwa tundu katikati, kikiwekwa juu ya shimo, humsitiri na kumlinda. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote. Maji safi yakiwa machache, yanywewe kwanza. Sheria imeturuhusu kutayamamu.

Ndugu Waislamu, Ijumaa hii baada ya swala, muulize imamu wako: katika mtaa wetu, ni nani asiyeweza kukimbia, na watu wake wawili ni akina nani? Jibu likikosekana, kazi na ianze siku hiyo hiyo, jua likiwa bado linawaka.

Allah (s.w.) atukinge na maafa, na atujaalie kuwa sababu ya uhai wa wenzetu. Aamin.

Wabillahi tawfiiq.